Sura ya Nne: Mawe Haya Yalipangwa na Nani?

Anayefika Masasi kwa mara ya kwanza, hasa akitokea Lindi au Mtwara kwa barabara, huuliza swali ambalo wenyeji wamelizoea. Nchi imelala, mikorosho na mashamba ya mihogo pande zote, kisha inachomoza milima ya mawe matupu, mmoja huku na mwingine kule, bila safu wala vilima vya kuitangulia. Mlima Mtandi umelisimamia kanisa kuu la Kianglikana, na ukitazama juu unaona mabonge makubwa yamebebana, mengine yameegemea kwa namna inayokufanya utamani kurudi nyuma hatua mbili. Mgeni anauliza: haya mawe yalipangwa na nani?

Swali hilo lina pacha wake, nalo huulizwa zaidi na vijana walioona picha za Stonehenge, lile duara la mawe la kale kusini mwa Uingereza. Wanasema: Wazungu walikuwa na mawe yao ya ibada tangu zamani, Kenya nako tunasikia yapo, mbona huku kwetu kusini hakuna? Wengine huongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa: ina maana babu zetu hawakuwa na lolote?

Jibu la swali hili la mwisho ni hapana, nami nitalieleza kwa kirefu. Lakini ili tulielewe vizuri inatubidi kwanza tusafiri kutoka Newala, jirani na Masasi, kwenda kaskazini zaidi ya kilomita 1,500, hadi kando ya Ziwa Turkana, kwa sababu huko ndiko mawe ya ibada yaliyosimamishwa na watu yamefukuliwa kwa utaratibu, na yaliyokutwa chini yake yamebadili mambo mengi tuliyokuwa tukiyaamini.

Kwanza tuimalize milima ya Masasi

Milima hii haikupangwa na mtu. Ni mwamba mgumu ulioivia chini kabisa ya ardhi, zamani sana, kabla hakujawa na mnyama yeyote wa nchi kavu. Ardhi laini iliyoufunika na kuuzunguka ilimomonyolewa na mvua kwa mamilioni ya miaka, na mwamba ukabaki umesimama. Maji yalipenya kwenye nyufa zake, jua la mchana na baridi ya usiku vikaupasua, pembe zikaliwa, na yale mabonge ya duara yakabaki pale pale yalipopasukia. Hakuna aliyeyabeba.

Mtaalamu wa miamba kutoka Ujerumani, Wilhelm Bornhardt, alizunguka nchi hii katika miaka ya 1890, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1900 alieleza kwa makini milima inayosimama peke yake kwenye tambarare kama kisiwa baharini. Mpaka leo wanajiografia duniani kote huiita milima ya aina hiyo kwa jina lake. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Brazili au Australia anayesoma kuhusu milima hiyo anasoma, bila kujua, juu ya kitu kilichoelezwa kutokana na mandhari ya Tanzania.

Tutajuaje basi kwamba mawe fulani yamewekwa na mtu? Wanaakiolojia, yaani watafiti wanaojifunza maisha ya watu wa kale kwa kufukua na kuchunguza masalia yao, huanza na mambo kama haya:

- Jiwe limetoka mahali pengine. Ukikuta jiwe la aina isiyopatikana hapo, kuna aliyelileta.
- Jiwe limesimama wima na chini yake kuna shimo lililochimbwa na kushindiliwa. Mvua haichimbi shimo la kusimika jiwe.
- Mpangilio unajirudia: umbali ule ule, mwelekeo ule ule, au duara linalofunga.
- Chini au kando kuna kilichoachwa na watu, kama mkaa, vigae, mifupa au shanga.

Jambo moja peke yake halitoshi. Yakikutana matatu, mtafiti hukunja mikono ya shati.

Lothagam: watu 580 chini ya mawe

Lothagam ni eneo kavu kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya. Ukifika leo unakuta mchanga, changarawe na upepo. Mahali panapoitwa Lothagam Kaskazini pana jukwaa la duara lenye upana wa kama mita 30, lililofunikwa kwa mawe, na juu yake zimesimikwa nguzo za basalti. Basalti ni mwamba unaotokana na lava iliyopoa, na wakati wa kupoa huweza kujikata wenyewe kuwa vipande virefu vyenye pande bapa. Kwa hiyo hawakuzichonga. Walizikuta zimekwisha kuwa nguzo, wakazibeba. Baadhi zilitoka umbali unaofika kilomita moja. Upande wa mashariki wa jukwaa pana maduara madogo ya mawe na marundo ya mawe yaliyojengwa kwa mkono.

Kundi la watafiti likiongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook cha Marekani, pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lilifukua sehemu ya jukwaa hilo kwa miaka kadhaa na kutoa matokeo yake mwaka 2018. Waligundua kwamba jukwaa ni kifuniko. Chini yake wajenzi walichimba shimo pana katikati, karibu mita 120 za mraba, wakipenya mchanga wa ufuko wa zamani wa ziwa mpaka kwenye mwamba. Ndani ya shimo hilo walizika wafu wao, mmoja baada ya mwingine, karibu karibu, kwa karne kadhaa.

Watafiti hawakulifukua shimo lote, na walifanya vyema. Walichimba sehemu, wakapima ukubwa wa shimo kwa rada ya ardhini, yaani mashine inayotuma mawimbi chini na kusoma yanavyorudi, kisha wakapiga hesabu. Makadirio yao ni kwamba waliozikwa pale si chini ya watu 580.

Umri ulipatikana kwa kupima kaboni. Kila kiumbe hai hubeba ndani yake kiasi kidogo cha kaboni ya aina inayopungua polepole. Kiumbe akifa hapati nyingine, na ile aliyokuwa nayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ukipima iliyobaki, unajua ni lini alikufa. Lothagam Kaskazini ilitumika kati ya miaka kama 5,000 na 4,300 iliyopita. Weka hapo zaidi ya vizazi 20. Mtoto aliyezikwa mwanzoni na bibi aliyezikwa mwishoni wametenganishwa na muda mrefu kuliko ule unaotutenganisha sisi na safari ya Vasco da Gama.

Mwishoni walilijaza shimo, wakalifunika kwa mawe, na juu yake wakasimika nguzo. Mahali pakafungwa.

Nyota zilizoleta ubishi

Kabla ya kusema ibada ya Lothagam ilikuwa nini, inafaa nieleze kosa lililosambaa sana kuhusu nguzo za jirani, maana wengi wa wasomaji wangu wamelisoma mahali na wanaliamini.

Kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, upande wa magharibi wa ziwa, kuna nguzo 19 za basalti zinazojulikana kwa jina la Namoratunga. Waturkana wana simulizi kwamba ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe, na wapita njia huweka vijiwe juu yake. Mwaka 1978 watafiti wawili kutoka Marekani, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea nyota na makundi saba ya nyota yanayotumiwa katika kalenda ya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Walikisia zilisimikwa karibu mwaka 300 KK, yaani kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Habari ilipendwa. Afrika nayo ilikuwa na chuo chake cha nyota!

Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alirudi kwenye jambo hilo akiwa na wasiwasi mzito. Basalti ina sumaku kidogo. Ukipima mwelekeo kwa dira, jiwe lenyewe linaweza kuupotosha mshale wake. Wengine wakapima tena, na ubishi ukaendelea. Mimi naongeza jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu anaweza kulihakiki kwa kalamu: nguzo 19, ukizichukua mbili mbili, zinakupa mistari 171. Mbinguni kuna nyota nyingi. Ni ajabu gani baadhi ya mistari hiyo kuangukia nyota?

Kilichoitikisa zaidi dhana ile ni umri. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba nguzo za Kalokol ni za zama zile zile za Lothagam, yaani maelfu ya miaka kabla ya tarehe iliyokisiwa. Kalenda ya Waborana ni elimu kubwa na ya kweli, wala haihitaji kuazimwa nguzo za watu wengine ili iheshimiwe.

Nimelikalia jambo hili kwa makusudi. Tunapenda sana kusikia kwamba watu wa kale walikuwa na siri, hesabu za nyota na nguvu zisizoelezeka. Mapenzi hayo yanatufanya tuyapite haraka yale waliyotuachia wazi. Kule Lothagam waliacha wafu wao, na namna walivyowalaza.

Meno ya panya 405

Katika kaburi moja la Lothagam Kaskazini watafiti walikuta mtu amezikwa na pambo, yaelekea la kichwani, lililopambwa kwa meno ya mbele ya panya wadogo wa jangwani. Walihesabu meno 405. Walipiga hesabu wakaona yametoka kwa panya wasiopungua 113.

Tafakari kazi hiyo. Panya yule ni mdogo kuliko kiganja. Mtu amemtega, ameng'oa jino jembamba kuliko ncha ya msumari, akaliweka akiba, akaenda kutega mwingine. Mara 113. Kisha amekaa chini akayapanga moja moja hadi safu ikatimia, bila sindano ya chuma wala miwani, maana chuma hakikuwapo. Na kazi yote hiyo, iwe ilifanyika kabla ya msiba au wakati wa msiba, ikafukiwa ardhini pamoja na mwenyewe. Kwangu mimi hiki ndicho kitu cha kukumbukwa kuliko nguzo zote. Nguzo inakuonyesha nguvu za watu wengi. Meno haya yanakuonyesha mikono ya mtu mmoja au wawili na muda walioutoa kwa ajili ya mpendwa wao.

Wengine walizikwa na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, bangili za meno ya kiboko, na shanga za mawe ya rangi ambazo kila moja ilitobolewa kwa subira. Jambo lililowashangaza watafiti ni mgawanyo wa mapambo hayo. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga walilazwa mahali pamoja, na karibu kila mmoja alikuwa na pambo lake. Hakuna pembe ya matajiri. Hakuna kaburi moja lililolimbikiziwa vitu huku mengine yakiwa matupu.

Hapo ndipo fundisho la zamani lilipoanza kuyumba. Kwa miaka mingi vitabu vilitufundisha kwamba jengo kubwa la mawe ni dalili ya mfalme: lazima awepo mkubwa wa kuamrisha, watumwa au raia wa kubeba, na ghala la chakula cha kuwalisha. Piramidi za Misri ndizo zilizokuwa kipimo. Lothagam haikubaliani na kipimo hicho. Wajenzi wake walikuwa wafugaji wa kuhamahama, na kwenye makaburi yao mtawala haonekani.

Ibada ya watu walioikimbia njaa

Kwa nini basi walijitaabisha hivyo? Jibu linaanzia kwenye maji.

Miaka 6,000 iliyopita Sahara yenyewe ilikuwa na majani, na Ziwa Turkana lilijaa kupita lilivyo leo. Kisha mvua zikaanza kupungua. Karibu miaka 5,000 iliyopita ziwa lilikuwa likishuka kwa kasi, makumi ya mita, na fukwe zilizokuwa za samaki zikabaki mchanga mkavu. Wakati huo huo walikuwa wakiingia watu wapya kutoka kaskazini wakiwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao ndio wafugaji wa kwanza kujulikana katika Afrika Mashariki. Ardhi iliyoachwa na maji iliwapa malisho, lakini leo yapo na kesho hayapo. Familia ilibidi itawanyike kufuata majani, na ikae miezi mingi bila kuwaona ndugu.

Mfugaji aliyetawanyika ana hatari moja kubwa. Mifugo yake ikifa kwa ukame au ugonjwa, anahitaji mtu wa kumpa mbuzi wawili wa kuanzia upya, na mtu huyo lazima amjue na amwamini. Watafiti wanaona kwamba makaburi ya pamoja yalikuwa mahali pa kurudi: familia zilizotawanyika zilikutana, zikazika, zikala pamoja, zikabadilishana habari na mifugo, zikaozana. Mawe yaliwaonyesha watoto kwamba mababu wa wote wamelala hapa, na kwa hiyo wote waliosimama hapa ni ndugu.

Na ziwa lilipotulia katika kimo chake kipya, na ufugaji ukawa maisha ya kawaida, ujenzi wa mahali pa namna hii ulikoma.

Wakati ule ule Lothagam ilipoanza, bila kujuana hata kidogo, wakulima wa kusini mwa Uingereza nao walikuwa wakianza Stonehenge, karibu mwaka 3000 KK. Watu wengi husahau kwamba kabla ya kusimamishwa yale mawe makubwa yanayopigwa picha, na hata baadaye, mahali pale palikuwa makaburi: majivu ya watu waliochomwa yalifukiwa humo kwa karne kadhaa. Mawe madogo ya rangi ya samawati yaliletwa kutoka Wales, zaidi ya kilomita 200. Turkana na Uingereza, wafugaji na wakulima, walielekea jambo moja: mawe yasimame walipolala wafu, na walio hai wawe na mahali pa kurudi.

Kwa kifupi mpaka hapa

Milima ya Masasi ni kazi ya mvua na muda. Mawe ya Lothagam ni kazi ya watu, na chini yake kuna makaburi. Hadithi ya nyota haijathibitika. Ibada yake ilikuwa maziko ya pamoja yaliyowaunganisha watu waliotawanyika, na haikuhitaji mfalme.

Si kila duara ni la ibada

Hapa nawaonya hasa wapenzi wa historia wanaopanda milima wakiwa na simu mkononi. Duara la mawe linaweza kuwa kitu cha kawaida kabisa. Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, ina kuta za mawe za mviringo zilizojengwa bila udongo wala saruji, jiwe likishikwa na jiwe, tangu karibu karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka mji huo wa mawe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Yalikuwa maboma ya kuishi watu na kulaza mifugo. Engaruka, chini ya Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, ina mifereji, matuta na maduara ya mawe yaliyoenea kwenye eneo la hekta kama 2,000. Sehemu kubwa ya mawe yale ni shamba: watu walimwagilia mtama wao na kuondoa mawe njiani mwa jembe. Mtu akikuta duara la mawe akakuambia papo hapo kwamba ni hekalu, mwulize amekuta nini chini yake.

Na Newala je?

Sasa turudi nyumbani. Uwanda wa juu wa Makonde, ilipo Newala, ni mchanga na tope la kale lililogandamana. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu, ukaitazama nchi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, utaona rangi nyekundu ya udongo kwenye kingo, na utatafuta jiwe kubwa la kusimika bila kulipata. Hata maji yalikuwa taabu. Vizazi vya wanawake wa Newala wamepanda na kushuka miteremko ile na mitungi kichwani, kwa sababu mchanga wa juu unayameza maji ya mvua mpaka chini.

Watu wa mahali pasipo jiwe watajenga ibada yao kwa nini? Kwa mti. Sidhani kama kuna watu Tanzania wanaoujua mti kuliko Wamakonde, na vinyago vyao vya mpingo vimeenea dunia nzima. Katika jando la Wamakonde, wavulana walitengwa likumbi, makazi ya miti na majani yaliyofichwa porini, wakafundishwa na wakubwa wao, na siku ya kutoka midimu ilicheza, wachezaji waliovaa barakoa za mti nyuso zao zisijulikane. Wayao wa upande wa Masasi walisimika uwanjani tawi la mti lenye panda, na jando lenyewe likaitwa lupanda kwa jina la tawi hilo. Matambiko kwa wazee waliotangulia yalifanywa kwa unga uliowekwa chini ya mti. Uwanja ulikuwa mviringo, katikati pana alama, pembeni watu wa koo mbalimbali waliokusanyika kutoka vijiji vya mbali. Ukiyaweka haya kando ya yale ya Lothagam utaona kazi ni ile ile: kumwonyesha mtoto yeye ni wa nani, na kuwarudisha pamoja watu waliotawanyika. Tofauti ni kwamba baada ya jando likumbi lilichomwa moto. Kuchoma kulikuwa sehemu ya ibada yenyewe.

Tunayajua mengi ya haya kwa sababu bado yapo, na kwa sababu yaliandikwa mapema. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiandika habari za jando na unyago, akirekodi nyimbo kwa mashine ya nta, akikusanya barakoa na vyombo. Vitu alivyokusanya vilipelekwa Leipzig, kwenye makumbusho aliyokuja kuyaongoza. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyekuwa na dayosisi hiyo kuanzia 1926 hadi 1944, alifanya jambo ambalo wamisionari wengi waliliogopa: badala ya kulipiga marufuku jando, alilipa sala za Kikristo na kuwaacha wazee waendelee kufundisha. Alielewa kwamba ukiuvunja mviringo ule, unaivunja jamii.

Lakini je, mti uliooza hauachi kitu kwa mtafiti? Unaacha. Nguzo ikisimikwa kisha ikaoza au kuungua, shimo lake hujaa udongo wa rangi tofauti, mweusi zaidi au laini zaidi, na alama hiyo huweza kudumu maelfu ya miaka. Mwaka 1925 rubani mmoja wa jeshi la Uingereza alipiga picha kutoka angani karibu na Stonehenge, akaona vidoa vimejipanga kwa maduara katika shamba la nafaka. Palipofukuliwa, yalikutwa mashimo ya nguzo za miti, maduara sita moja ndani ya jingine. Kulikuwa na duara la miti jirani na lile la mawe, na wakulima walikuwa wamelima juu yake bila kujua. Waliliita Woodhenge.

Kwa hiyo msomaji wa Newala anayeuliza "kwetu hakuna?" namjibu hivi: aliyezoea kutafuta mawe asiseme hakuna kabla hajatafuta alama za miti.

Ukikuta kitu shambani

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya mwaka 1964. Kwa sheria hiyo, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863, na jengo la kabla ya mwaka 1886, ni urithi unaolindwa, na haruhusiwi mtu kufukua bila kibali. Inamhusu mchimba msingi wa nyumba, mchimba mchanga wa ujenzi, na hata yule anayeambiwa kwamba chini ya jiwe fulani Mjerumani alificha dhahabu. Uvumi huo wa dhahabu umeharibu makaburi na mawe ya kale katika mikoa mingi, na karibu kila mara mchimbaji huondoka na mikono mitupu.

Ukikuta kigae chenye nakshi, shanga, mkaa mwingi mahali pamoja, mifupa, au duara la udongo mweusi kwenye shamba jekundu:

- Acha kuchimba hapo. Kitu kikishatoka mahali pake, nusu ya habari yake imepotea.
- Piga picha ukiweka kando yake kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama kalamu au sanduku la kiberiti.
- Andika jina la mahali, na muulize mzee wa hapo palikuwa nini. Andika anachosema, hata kama kinaonekana hadithi.
- Peleka taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya au Makumbusho ya Taifa.

Na wazee wenu waliopita likumbi, makungwi na manyakanga, yaani walimu wa jando na unyago, waliobaki Masasi, Newala na Tandahimba, waulizeni sasa, kwa ruhusa yao na kwa yale wanayokubali kuyasema, viwanja vya zamani vilikuwa wapi. Maeneo hayo hayamo kwenye ramani yoyote. Yamo vichwani mwao, na wengi wao umri umekwenda.